Umekuja kuchukua mtoto, matembezi ya nini?

Hapa Malindi hili swali, la wageni wanaokuja kuasili mtoto kisha wanatembea naye kama watalii, halijaanza leo. Miaka ile Mzungu na mkewe wakipanda boti ya kioo kule marine, hifadhi yetu ya baharini, na kati yao kameketi katoto ka kwetu kamevishwa kofia kubwa, ilikuwa lazima usikie mtu aguna, hawa wamekuja kuchukua mtoto ama wamekuja likizo? Na mwengine humjibu, kwani ukija kuchukua mtoto ndio ujifungie chumbani? Mie nimefanya hizi kazi za kutembeza wageni muda mrefu, nimewasikia wote wawili, na kila mmoja ana lake la maana ila kuna kitu naona wote wanakiacha.

Kwanza sheria, maana wengi twaongea bila kujua. Chini ya ile sheria ya watoto ya 2001 mgeni hakuweza kuja leo akaondoka na mtoto wiki ijayo, ilikuwa lazima akae naye hapa hapa Kenya miezi 3 mfululizo kabla hata ya kupeleka maombi kortini, alafu ndio angoje korti na makaratasi mengine, yaani wengine walikaa mpaka wakajua bei ya nyanya sokoni. Novemba 2014 baraza la mawaziri likasimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya kwa hofu ya biashara ya watoto, ndio maana saa hii huwaoni kama zamani. Lakini waliochukuliwa kabla ya hapo washakuwa vijana, wanarudi na wazazi wao kuona walikotoka, na swali linarudi nao.

Wanaotetea matembezi wana hoja nzito. Miezi 3 ni mingi, mtoto hawezi kuwazoea watu akiwa amefungiwa kwenye nyumba ya kukodi na watu wawili asiowaelewa lugha. Akitoka akacheza mchanga pale Silversands akala aiskrimu, anaanza kucheka, anaanza kushika mkono. Na huyo mzazi ambaye ataenda kumlea mtoto wa Malindi huko Milano, siku mtoto akimuuliza kwetu kukoje atajibu nini kama hata Gede hajafika? Gede ni mji wa Waswahili wa mawe, una misikiti, visima, makaburi, wenyewe waliuhama karne ya 17, na 2024 UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia. Kwa mtoto mweusi ambaye huenda darasani yuko peke yake, kujua kwamba kwao watu walikuwa na nyumba za mawe na sahani kutoka Uchina miaka hiyo yote, jamani hilo si dogo.

Hata huko China, ambako toka 1992 mpaka walipofunga mlango 2024 watoto zaidi ya 80,000 walienda Marekani peke yake, wazazi wengi walifikia Beijing kwanza, wakatembezwa Ukuta Mkuu, ndio wakapelekwa mkoani kwa mtoto na mwisho wote wakashukia Guangzhou kwa ajili ya viza. Mpangilio huo wa kutembea kabla mie naukubali kabisa, mtu amepumzika, ameiona nchi, anakutana na mtoto akiwa ametulia.

Shida ni baada ya mtoto kukabidhiwa. Ile siku wazazi wanasherehekea, kwa mtoto ni msiba. Amempoteza mama wa makao ya watoto aliyekuwa akimwogesha, wenzake aliokuwa akilala nao, mbaazi zake, lugha yake, vyote siku moja, alafu asubuhi yake anapakiwa kwenye gari kwenda Marafa kuona mabonde kwenye jua la saa sita. Nimemtembeza mtoto wa kama miaka minne pale Gede, wazazi wake wapya wanasoma vibao na kupiga picha za kima, yeye ameng'ang'ania shati langu kwa ngumi mbili hataki kuachia. Wazazi wakafurahi wakidhani amenipenda. Mie nilijua ni kwa sababu mle ndani nilikuwa mtu wa pekee anayesema Kiswahili.

Na kuna jambo ambalo mgeni halijui. Mji huu umeumia. 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti ya watoto wanaotumiwa kingono kwenye utalii wa Pwani, na Malindi ilikuwemo. Kwa hivo mgeni akipita na mtoto wetu mkononi watu wanakodoa macho, askari wa hoteli anauliza, mama wa mahamri anauliza kwa sauti huyu mtoto wa nani na kwa nini wamempa, na mtoto anasikia na anaelewa kila neno, wasioelewa ni wazazi. Kila matembezi mapya ni macho mapya, na hilo wanaotetea matembezi sijawahi kuwasikia wakilitaja.

Lililonigusa zaidi ya yote ni kijana mmoja aliyerudi na mamake, akanionyesha kwenye simu picha za kipindi kile walipokuja kumchukua. Nguzo ya Vasco da Gama iko, tena kila upande. Boti ya kioo iko, tembo wa Tsavo wako. Akaniuliza, na yule mama aliyenilea kwenye makao, picha yake iko wapi? Hakuna. Mlango wa makao, kitanda alicholala, hakuna. Vasco da Gama, Mreno aliyepita hapa 1498, ana picha kibao na mwanamke aliyemnywesha maziwa kwa chupa hana hata moja. Mamake alinyamaza kimya, hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyemwambia mapema kwamba kitu cha kupigwa picha ni hicho.

Kwa hivo mie siwezi kumwambia mtu asitembee, ila naona matembezi yaanzie kwenye maisha ya mtoto. Makao alikolelewa, hospitali aliyozaliwa kama inajulikana, soko la karibu, mpishi, yule mama, na sauti yake irekodiwe akiimba wimbo aliokuwa akimlalishia. Awepo mtu wa kusema naye Kiswahili au Kigiriama. Gede ifuate mtoto akishaanza kuwaita mama na baba, asubuhi na mapema, muda wa saa moja unatosha. Tsavo sio lazima kabisa.

Na sisi watembezaji tusijitoe. Hata hawa wanaorudi na vijana wao, tusiwakimbilie na pakeji ileile ya watalii wote, tuwaulize kwanza kijana anataka kumuona nani. Na popote ambapo mgeni amekuja kwa mtoto mdogo, muulize mmekaa naye tangu lini na jana amelala vipi. Akikwambia juzi ndio wamempata, wapeleke hapo karibu wapate mahamri, warudi kabla ya saa nne jua halijakaza, na hela ya safari ndefu ikikupita basi ikupite.