Mwenyekiti Alivyokagua Simu Yangu

Kwetu Mabatini nyumba zimepanda mlima juu ya mawe, na bafu la Mama Shija ni la udongo, halina paa. Ukuta wake wa nyuma umejaa vitundu saizi ya penseli. Humo anaishi Amegilla, nyuki mpweke mwenye mistari tumboni. Nje anazurura Thyreus, nyuki mwingine: mweusi, madoa ya buluu mpauko ubavuni, mdoezi asiye na haya. Hajengi, habebi chavua. Mwenye nyumba akitoka tu, anazama ndani, anataga, huyoo! Buu lake likianguliwa linamuua mtoto wa mwenyeji na kula akiba yote.

Sasa, kumtambua kwa picha, uso haukufikishi mbali. Unataka mgongo, uone lile pengo kwenye ukingo wa nyuma wa kifua. Miguu ya nyuma, uhakikishe haina manyoya ya kubebea chavua. Na makalio, uone madoa yamepangwaje. Na mdudu mwenyewe hatulii. Basi nimechuchumaa, simu puani mwa ukuta, kidole kimekandamiza kitufe, picha zinajipiga mfululizo.

Kumbe ndani Mama Shija anaoga.

"Nani huyo?"

"Shikamoo, Mama."

Adabu zingine bwana, zinatoka zenyewe.

"Marahaba! Unachungulia nini?"

Akatokeza kwenye kona, kanga kifuani, povu sikioni, ndala mkononi. Nikainua simu nikinge uso. Ndala ikafika.

Kwa mwenyekiti wa mtaa, simu ikakaguliwa hadharani. Akaikuza picha ya kwanza, akakunja uso.

"Hii nini?"

"Makalio, mwenyekiti."

Watu wakaguna.

"Ya nani?"

"Ya nyuki."

Akasogeza. Makalio. Makalio. Mguu. Makalio yenye ukungu. Mgambo naye akaomba aone.

Ikabidi nieleze habari za mdoezi. Mama Shija, aliyekuwa anataka nilale mahabusu, akavuta stuli.

"Kwa hiyo mwenzie anahangaika kutafuta, yeye anakuja kutaga tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama wifi yangu."

Kesi ikafia hapo. Wifi akajadiliwa mpaka magharibi.

Usiku nikapitia picha zote. Thyreus katoka ukungu mtupu, pengo halionekani, madoa hayahesabiki. Iliyotoka safi ni moja tu: ndala ikiwa hewani, imenyooka, mwanga umekaa vizuri. Hata saizi inasomeka, 39.