Si tamaa, ni mtego

Mhariri, habari yenu inasema waliopoteza pesa kwenye sarafu mpya za kidijitali waliponzwa na tamaa. Sikubali. Ami yangu hapa Langoni, Lamu, aliuza mashine ya boti akaweka hela humo kwa sababu aliyemletea ni mwenzake wa msikitini, mtu wa kuaminika, ambaye naye alikuwa amedanganywa. Kila alfajiri baada ya swala ami alinionyesha simu: salio limepanda. Siku alipotaka kutoa, wakamdai kwanza "kodi ya kutolea", shilingi 15,000. Akalipa. Wakadai tena. Kisha kundi la WhatsApp likafungwa.

Nambari kwenye skrini si pesa, jamani. Mwaka 2021 sarafu ya SQUID ilipanda ikapita dola 2,800 huku wanunuzi wakishindwa kuiuza. Waanzilishi wakakomba mtaji, ikaanguka karibu na sufuri. OneCoin, sarafu nyingine ya utapeli iliyoanza 2014, haikuwa hata na blokucheni ya kweli, yaani daftari la pamoja la kidijitali linaloandika kila muamala, na mwasisi wake Ruja Ignatova hajaonekana tangu 2017.

Ndugu zangu, ulizeni kwanza: nani ameshika sarafu nyingi zaidi? Waanzilishi wanaweza kuondoa usiku mmoja pesa zilizowekwa sokoni ili watu waweze kuuza sarafu zao? Jaribu kutoa kidogo mapema, ingawa hata hilo si kinga, maana matapeli hukuachia kidogo ili ulete kikubwa. Ukiambiwa ulipe ndipo upewe chako, usitume hata shilingi.

Ami sasa anavua kwa boti ya watu.