Busu la Tatu

Kwanza kabisa: sikumbusu yule mwalimu mkuu wa Kifaransa. Tuligongana midomo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yule jamaa wa Mannheim aliyewatumia sauti humu kundini usiku kucha anaijua tofauti, basi tu kaamua kunimaliza. Eti nilifanya makusudi, eti mke wangu akazimia. Mke wangu hajazimia. Angezimia ningepata nafuu. Alisimama wima na sinia lake la kachori, ananitazama.

Sasa kaeni niwape yenyewe.

Mnajua mwanangu yumo kwenye ile programu ya kubadilishana wanafunzi kati ya Heidelberg yetu hapa Ujerumani na Montpellier ya Ufaransa. Miji hii ilifunga udugu 1961, miaka miwili kabla de Gaulle wa Ufaransa na Adenauer wa Ujerumani hawajatia saini Mkataba wa Élysée, ule wa urafiki wa nchi hizo mbili, Januari 1963. Mwaka huohuo ikaanzishwa ofisi ya pamoja ya vijana wa Ufaransa na Ujerumani, ambayo mpaka leo huchangia nauli za watoto. Hizi ni nchi zilizopigana 1870, zikarudia 1914, zikarudia tena 1939, kwa hiyo wazee wakaona dawa ni watoto walale majumbani mwa waliokuwa maadui, wale mkate wao, wagombanie bafu asubuhi. Hoteli hakuna. Mtoto wa Kifaransa analala kwako, halafu wako anakwenda kulala kwao. Hapo ndipo mzazi anapoingia mkenge, maana hakuna anayebadilishana watoto bila kukutana na wazazi.

Mliouliza makaratasi, haya. Familia mwenyeji inajaza fomu: mgeni alale kitanda chake peke yake (chumba si lazima), kuna paka au hakuna, anakula nguruwe au hali, ana mzio wa karanga au hana. Karanga msiruke, sisi mchuzi wetu nusu ni karanga. Mtoto wa Kifaransa anayetoka nchini bila mzazi anahitaji kibali cha kutoka chenye saini ya mzazi, tangu Januari 2017, pamoja na nakala ya kitambulisho cha huyohuyo aliyesaini. Baba akisaini na kitambulisho kikawa cha mama, karatasi hiyo haifai, na kila mwaka kuna familia inayogundua hivyo basi likiwa linawasha taa. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya kwa Wajerumani wengi iko nyuma ya kadi yao ya kawaida, kwa hiyo piga picha pande zote mbili. Ukinakili mbele peke yake, umenakili upande usio na kazi Ufaransa.

Na wenye watoto wa pasipoti zetu: kuna Orodha ya Wasafiri, ya tangu 1994. Shule inaandika majina, ofisi ya wageni inagonga muhuri, na mtoto asiye raia wa Ulaya anavuka na darasa lake bila viza. Mwalimu akiipeleka ofisini wiki ya mwisho, anza kulia mapema. Uraia wa Umoja wa Ulaya wenyewe mnaoniuliza kila siku ulikuja na Mkataba wa Maastricht, ukaanza kazi Novemba 1993, na hauombwi Brussels. Unaupata kwa kuwa raia wa nchi mwanachama, kwisha. Mwanangu hana bado, lakini ndiye aliyepewa bendera ya Ulaya, ya nyota kumi na mbili, aishike siku ya mapokezi. Nimeacha hivyo.

Turudi kwenye msiba.

Wazazi tuliitwa shuleni kwa semina ya kuvumiliana tamaduni. Tukapewa kijitabu. Mjerumani anashika mkono na kukutazama machoni. Mfaransa anasalimia kwa mashavu, mara mbili. Tukafanyishwa mazoezi, madaktari na mafundi bomba wanasukumiana mashavu darasani. Nilikuwa mwanafunzi bora, nawaambia. Unaegemea mbele kidogo, mkono hewani karibu na bega, shavu linagusa shavu, midomo inabusu hewa kwa sauti ndogo. Halafu kichwa kinarudi nyuma, kinapita katikati, kinakwenda shavu la pili. Hatari yote iko pale katikati. Pale pua mbili zinapishana kwa inchi mbili, na usalama wenu unategemea nyote wawili kujua safari imebaki ngapi.

Kijitabu kilisema mbili. Kwa sehemu kubwa ya Ufaransa ni kweli. Lakini ncha ya magharibi kule Finistère wapo wanaotosheka na moja, kuna sehemu zinazokwenda mpaka nne, na Montpellier, ndugu zangu, Montpellier ni tatu.

Tatu ni mbaya kuliko nne. Ukitarajia mbili mwenzako akaenda tatu, wewe umeshamaliza, umerudisha uso katikati. Yeye ndiyo kwanza yuko njiani.

Basi lilichelewa. Safari inapita kilomita 800, na dereva wa basi Ulaya akiendesha kwa muda wa saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, apende asipende, mashine inamrekodi. Kwa hiyo tulisimama uwanjani wazazi wote, kila mtu na vazi la kwao kama tulivyoombwa. Mimi nikatoa kanzu ya Kiomani, ile yenye kishada shingoni. Kikumbukeni hicho kishada.

Basi likaingia. Bendi ya shule ikaanza wimbo wa Ulaya, ule wa Beethoven, ambao rasmi hauna maneno ili pasiwe na lugha inayopendelewa, kwa hiyo watu husimama tu wakitazama mbele. Wa kwanza kushuka ni mwalimu mkuu wao, mama mtu mzima, miwani mikubwa yenye mnyororo, rangi ya mdomo nyekundu. Kwenye mstari wa wenyeji wa kwanza ni mimi.

Shavu la kwanza: safi. La pili: safi sana, hata nikasikia mzazi mmoja nyuma anasema vizuri. Nikarudisha uso katikati, nikajinyoosha, nikafungua mazungumzo kwa neno nililolifanyia mazoezi bafuni: “Bienvenue.” Sasa itamkeni hiyo B, hapohapo mlipo. Polepole. Mnaona midomo inavyofanya? Inajifunga, inatokeza mbele, inasubiri.

Na yeye alikuwa anakuja na la tatu.

Niliona miwani ikikua. Niliona kabisa kwamba macho yake yamefumba, kwa sababu mtu anayesalimia watu maisha yake yote haangalii njia. Ubongo ukasema rudi nyuma, shingo ikasema tunamaliza neno kwanza. Nikatua na B yangu yote. Ikatoa sauti. Ile sauti ya busu ambayo kijitabu kilisema iwe ndogo.

Tungeachana hapo ningeishi. Tuliporuka nyuma, mnyororo wa miwani ulikuwa umeshikana na kishada. Akavutwa akarudi. Nikashika mabega yake tusigongane tena, na hiyo ndiyo picha mliyotumiwa, mimi nimemkumbatia mama wa watu. Kila tukivuta, kishada kinakaza, maana nyuzi za hariri ukizivuta zinajifunga zaidi. Inatakiwa usogee karibu ulegeze. Nani asogee karibu? Bendi haikuacha. Wafaransa ndani ya basi walikuwa wamebandika simu vioo vyote vya upande wetu.

Mke wangu akaweka sinia juu ya kiti. Akalisogeza lisianguke. Akaja, akafungua mnyororo kwa kucha mbili, akamgeukia mwalimu mkuu na kumpa mashavu matatu yaliyonyooka, hata miwani haikutikisika.

“Ulijuaje?”

“Nilimuuliza yule mtoto wa Kifaransa kwenye simu, Baba Zuhura. Wewe si ulikuwa unasoma kitabu.”

Yaliyobaki mafupi. Mama yule alicheka mpaka akakaa, kachori zikaliwa zikaisha, mgeni wetu anaitwa Mtulivu kwa sababu hasemi kitu ila akiniona anafunika mdomo. Wiki ikaenda, wakaondoka.

Juzi mwalimu kaniambia picha imetundikwa kwenye ubao wa mradi kule Montpellier, chini ya kichwa cha kuvumiliana. Nilisaini mwenyewe ridhaa ya picha, kurasa za mwisho mwisho kule ambako hatusomi. Lakini sheria ya data ya Ulaya, ya tangu Mei 2018, inaniruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote, na shule imeniletea fomu. Inataka nieleze picha husika ili waitambue. Nimeandika: “Mwanamume mwenye kanzu akimkaribisha mgeni.” Wamenijibu kwamba picha za namna hiyo zipo nyingi, niongeze maelezo.