Tufungue utumbo wa rakuni kabla ya kubishana juu ya bunduki

Mjadala kuhusu rakuni wa Ujerumani, mnyama wa porini mwenye mkia wa pete nyeusi aliyeletwa kutoka ng'ambo, hauishi: wawindwe au waachwe? Mimi naona swali la kwanza lingekuwa wamebeba nini tumboni.

Mwaka 1934 majozi mawili ya mnyama huyu wa Amerika Kaskazini yaliachiliwa karibu na ziwa la Edersee, jimboni Hesse. Mwaka 1945 bomu likaangukia shamba la kufugia rakuni kwa ajili ya manyoya huko Wolfshagen, mashariki mwa Berlin, na wengine wakatoroka. Leo rakuni wa Hesse wana maambukizi mengi ya mnyoo wa utumbo uitwao Baylisascaris procyonis, ilhali kwa ndugu zao wa upande wa Berlin mnyoo huo haukuonekana kwa miongo mingi. Mnyama akihamishwa, baadhi ya vimelea vyake hubaki kwao. Waasisi wakiwa wachache na safi, uzao wao nao huanza safi.

Rakuni mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo kumtazama hakukuambii kitu. Tazama choo chake. Hujisaidia mahali palepale kila mara: juu ya gogo, kwenye shina la mti, hata darini mwa nyumba. Mnyoo jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 100,000 kwa siku. Yakitoka hayaambukizi bado. Huhitaji wiki mbili hadi nne, kisha hudumu udongoni kwa miaka. Dawa ya kupaushia nguo haiyaui, maji yanayochemka huyaua. Panya au ndege akiyameza, minyoo michanga inayoanguliwa husafiri mwilini na mingine huingia kwenye ubongo. Kwa binadamu ni nadra sana, lakini mtoto anayekula udongo anaweza kuathirika vibaya mno.

Wawindaji wa Ujerumani huua rakuni zaidi ya 200,000 kwa msimu. Kumtupa mnyama huyo bila kumpasua tumbo kunaniuma, maana kila utumbo ungetuonyesha mnyoo umefika wapi. Na dawa ipo: Marekani, chambo zenye dawa ya minyoo, pamoja na kuondoa kinyesi, zilipunguza maambukizi kwa panya wa msituni. Lakini chambo hutegwa mahali panapojulikana kuwa na mnyoo. Makundi yale mawili yanazidi kutanuka na kukutana; mizoga ya maeneo hayo ndiyo ningetaka ipasuliwe kwanza, msimu huuhuu.