Njiti wa miaka minne: apimwe au aachwe akue?

Mtoto wa Tanzania akishachomwa surua ya pili, miezi 18, ni kama amehitimu kliniki. Kadi inataka aendelee kupelekwa hadi miaka mitano, lakini chanjo zikiisha na foleni ya mizani huyeyuka. Kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37, hapo pana mjadala. Warudishwe wakiwa na miaka mitatu au minne, waangaliwe lugha, mikono na umakini kabla ya kuanza awali? Au waachwe, kwa vile wengi wao huchangamka wenyewe?

Wanaotaka wapimwe wana hoja nzito. Mtoto asiyekaa wala kutembea kwa wakati kila mtu humwona. Anayejificha ni yule anayekimbia na kucheka na wenzake, ila ukimwambia "vua viatu, kisha ulete kikombe", analeta kikombe na viatu viko miguuni. Udhaifu wa namna hiyo hujitokeza darasani, na mwalimu mwenye darasa lililofurika atamwita mtundu au mzembe, basi. Uingereza, mwongozo wa 2017 unaelekeza kwamba wote waliozaliwa kabla ya wiki 28 wapimwe tena wakifika miaka minne, hata kama walishapimwa wakiwa na miwili.

Sasa upande wa pili, ambao nimeuona kwa macho yangu. Jirani yangu ana binti aliyezaliwa kwa wiki 31, sasa ana minne. Alipopelekwa kupimwa alipewa penseli achore msalaba kama ule uliochorwa kwenye karatasi. Akaikamata penseli kwa ngumi, akaigeuza, akaanza kuitafuna. Ikaandikwa: hawezi. Jioni nilimkuta barazani anamenya karanga, moja baada ya nyingine, maganda huku, punje kule, wala hakosei. Nyumbani kwao hakuna penseli. Mama yake, hata hivyo, wiki nzima alikuwa akihesabu makosa ya mtoto, kila kitu kikidondoka anashtuka.

Lakini hilo ni kosa la kipimo. Malawi waliliona mapema: kipimo chao cha maendeleo ya mtoto, MDAT, kilichochapishwa 2010, kilijengwa kwa kupima watoto wa vijijini zaidi ya 1,400, kwa vitu wanavyovijua. Kilifi, Kenya, nako kuna kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa pwani, ingawa kinaishia kabla ya miaka mitatu. Halafu uchunguzi wa awali si hukumu. Unasema tu kwamba huyu aangaliwe kwa karibu, na baadhi ya watakaonaswa hawatakuwa na tatizo lolote. Nesi asipolieleza hilo kwa utulivu, mama anaondoka na jina la ugonjwa ambao haupo.

Hoja ya uhaba wa wataalamu siwezi kuipuuza. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomzoeza mtoto kazi za mikono na za kila siku, ni wachache, na aliye Kasulu hawezi kupanda basi kila wiki kufuata zoezi la nusu saa. Kumpima mtoto halafu ukose pa kumpeleka ni kumwongezea mzazi mzigo. Ila si kila msaada unahitaji bingwa. Masikio na macho, ambayo kwa njiti yako hatarini zaidi, yangeanza kuangaliwa kabla ya hiyo misalaba. Kumkalisha mtoto mbele darasani, kumpa agizo moja moja, kumsimulia hadithi na kumwacha aimalizie, hayo yanamhitaji mtu aliyeelekezwa tu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kupima, kwa kuanzia na wachache: waliozaliwa mapema sana, kabla ya wiki 32. Kinachonitia shaka ni namna ya kuwapata. Mwenye kilo 1.8 anaweza kuwa njiti, au aliyetimiza miezi yake akazaliwa mdogo, na uangalizi wao haufanani. Mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, bila ultrasaundi, hukadiriwa wiki kwa kupapasa tumbo. Kwa hiyo kazi ya kumwita mtoto wa miaka minne inaanzia kliniki ya wajawazito, na pale wodini anapoandikiwa kadi.

Ya binti wa jirani yangu nimeiona. Uzito upo, kilo 1.4, kwa wino wa bluu. Zile wiki 31 anazijua mama yake, kichwani.