Boksi la Bibi Mtaliano

Saluni za Malindi si ghali kwa pesa. Ghali yake iko kwenye maswali. Ukishakaa kitini ukavua mtandio, hapo hapo yanaanza: harusi ya nani, unavaa nini, mume karudi, na yule kijana wenu wa Doha bado anatuma? Kabla kichwa hakijakauka, habari zako zimeshafika Barani, na ukirudi nyumbani unamkuta jirani anakutajia rangi ya viatu ambavyo wewe mwenyewe hujavinunua. Ndiyo maana, ilipokaribia harusi ya mtoto wa kaka yangu, nikaamua kwamba rangi ya nywele nitapaka nyumbani, uani kwangu, na mlango nimeutia komeo.

Asiyeijua pwani atauliza: mtu anatembea na buibui mwaka mzima, nywele za rangi za nini? Basi huyo hajafika kwenye kupamba. Usiku ule ni wanawake watupu. Mlangoni anawekwa mama mmoja mkali wa kunyang'anya simu, mabuibui yanavuliwa, na hapo ndipo kila mtu anapoonyesha alichokificha tangu harusi iliyopita. Mimi ndiye shangazi wa bibi arusi. Shangazi hukaa mbele. Na wifi yangu, mamake bibi arusi, alikuwa ameshaanza kwenda saluni kabla hata kadi hazijachapishwa.

Boksi nililipata kwa mdogo wangu. Alikuwa akifanya kazi kwa bibi mmoja Mtaliano kule Casuarina, na Wataliano wa Malindi wana majira yao: mvua za masika zikinusa tu, wanafunga nyumba wanarudi kwao. Wanachokiacha ndiyo mavuno ya sisi tuliobaki. Nusu chupa ya mafuta ya zeituni, makaroni, sabuni za kunukia, na safari hii boksi la rangi ya nywele, zima, halijafunguliwa. Juu yake pana msichana anacheka, nywele rangi ya asali zinapepea. Nikamtazama, akanitazama, tukaelewana.

Nywele zangu, kwa taarifa yenu, nilizoea kuzipaka ile hina nyeusi ya pakiti ya dukani, kwa sababu ya mvi. Miaka na miaka. Hazijawahi kunilalamikia. Lakini wakati huo kulikuwa na kipande cha juu, karibu na ngozi, kilichoota bila kupakwa, nusu nyeusi nusu mvi. Kikumbukeni hicho kipande.

Maelekezo yote yalikuwa kwa Kiitaliano. Hilo Malindi si tatizo. Hapa hata muuza madafu anakusalimia kwa Kiitaliano kabla hajakusalimia kwa Kiswahili. Jirani yetu ana kijana anayepeleka wageni kwa mashua kutazama samaki na matumbawe kwenye hifadhi ya bahari, Kiitaliano chake kinatiririka. Kwa kuwa mimi nilikuwa kichwa wazi, yeye alisimama upande wake wa ukuta, karatasi tukampitishia kwenye matundu ya tofali. Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: changanya unga na dawa ya chupa, paka, ngoja, usipitishe nusu saa, osha kwa maji mengi.

"Na yale maandishi madogo mwanangu, yenye alama ya mshangao?"

"Hayo shangazi ni ya mawakili. Wazungu hawauzi hata kibiriti bila wakili."

Nikaona huyu mtoto amesoma.

Binti yangu ndiye aliyechanganya. Unga wa buluu, dawa ya chupa, bakuli la plastiki. Harufu ilipopanda, paka wetu aliyekuwa amelala juu ya gunia la makaa aliamka, akatutazama mmoja mmoja, akaruka ukuta. Hatukumwelewa. Tukapaka kuanzia utosini mpaka nchani, tukafunika kwa mfuko wa nailoni, juu yake leso, nikakaa kwenye kigoda nakunywa chai na kumfikiria wifi.

Muda ukafika. Nikainama mferejini, binti akafungua. Mfereji ukakohoa, ukatoa hewa, ukanyamaza.

Maji ya Malindi yanatoka kwenye visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na kati ya Baricho na kichwa changu pana mabomba mengi ambayo kila moja lina hiari yake. Tangi letu la akiba? Mume wangu alikuwa amelimaliza asubuhi kuosha pikipiki ambayo haijawaka tangu Ramadhani. Ndoo ya jikoni ilikuwa na mbaazi zilizorowekwa. Binti akapendekeza ile ndoo. Nikamwambia atafute akili.

Chini ya nailoni mambo yalikuwa yanaendelea. Ile dawa ilikuwa blichi, yaani ya kutoa rangi, na blichi haijui kwamba maji yamekatika. Madhali imelowa, inafanya kazi. Tena joto la kichwa linaichochea, kwa hivyo karibu na ngozi ndiko inakokwenda mbio zaidi. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba utosi unachemka.

Ndipo tukasikia mkokoteni wa maji. Nikatoka mpaka mlango wa uani, nimejifunika leso mbili, nailoni inalia chwa-chwa. Mtungi kwetu huwa shilingi thelathini. Yule kijana akanitazama, akautazama mchirizi uliokuwa unanishuka shingoni, akasema:

"Leo hamsini, mama."

"Hamsini kwa nini? Maji haya unayatoa mbinguni?"

"Mbali, mama."

"Mbali wapi? Si kisima cha pale nyuma ya msikiti? Mimi sinunui mtungi hamsini."

Na mpaka leo sinunui. Watu wananiambia ningelipa tu. Lakini ukilipa hamsini siku moja, mtaa mzima utalipa hamsini, na watasema ni wewe uliyeanza. Tukavutana. Akashuka arobaini na tano, nikapanda thelathini na tano, akageuza mkokoteni, nikamwita, akarudi. Tulikuwa tumebakiza shilingi tano tu kukubaliana pale binti yangu alipotoka mbio na noti ya mia, akamkabidhi, akabeba mitungi miwili, wala chenji hakungoja.

Maji yenyewe ya chumvi. Sabuni ikazunguka kichwani bila kutoa povu hata la kuosha kijiko. Tukasuuza, tukasuuza. Binti alikuwa akiongea tangu asubuhi, ghafla akanyamaza.

"Vipi? Imeshika?"

"Mama, usiende juani kwanza."

Basi nikaenda juani, na kioo mkononi.

Kile kipande cha juu kilikuwa manjano. Kikishuka kidogo kilikuwa chungwa. Kutoka masikioni mpaka nchani, kijani. Si kijani cha kubabaisha; kijani kamili, chenye afya. Nilikuwa embe boribo lililoanza kuiva kwa juu.

Mavyaa akatoka ndani kwa kusikia ukelele. Akanisogelea, akachukua unywele mmoja kwa vidole viwili, akauinua kwenye mwanga, akautazama urefu wake wote kama anayechagua uzi wa kudarizi. Kisha akaniuliza kwa upole wa kweli: "Na hii, mwanangu, ulilipa wewe au ulilipwa?" Mume wangu naye alipofika alisimama mlangoni, akasema atakwenda kula kwa kaka yake.

Kupamba kulikuwa kumekaribia, na hapakuwa na namna. Baada ya isha nikajifunga leso mpaka nyusi, nikapanda tuktuk, nikaenda kule kule nilikokukimbia. Wiki ya harusi saluni hailali. Nilipopenyeza uso kwenye pazia nikawakuta wamejaa tele, nusu ya ukoo wa bwana arusi, na katikati yao, mikono ikiwa na hina mbichi hawezi kushika kitu, wifi yangu.

"Wifi! Karibu! Mbona umejifunga hivyo?"

Mwenye saluni akaja mbio. Akaniinamia, akainua ukingo wa leso kwa kidole kimoja, akachungulia. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Huyu mwanamke angekuwa hakimu. Akairudisha leso mahali pake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mba. Mba kali sana. Huyu simchanganyi na wateja wengine. Pita nyuma."

Wanawake wakavuta viti.

Kule chumba cha nyuma sikuulizwa harusi ya nani. Niliulizwa nimekuwa nikipaka nini, tangu lini, na kama piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mikononi, iliwahi kuniwasha au kunitia malengelenge. Nikamwambia piko na nywele wapi na wapi. Akasema piko wanayotumia wengi siku hizi hutiwa dawa ile ile ya rangi nyeusi ya nywele, na ngozi iliyowahi kugombana nayo mkononi itagombana nayo kichwani, na vibaya zaidi. Ndiyo maana kwenye maandishi madogo ya maboksi huambiwa ujaribu kidogo kwenye ngozi, ungoje saa 48. Nikamkumbuka yule kijana na mawakili wake.

Kisha akaniuliza ile hina nyeusi ina nini ndani. Nikasema hina. Akacheka kwa mara ya kwanza. Jani la mhina, akasema, halina weusi. Linatoa wekundu tu. Pakiti ikikupa weusi ujue kimetiwa kingine: ama nili, ile rangi ya buluu ya majani, ama kanta, ndiyo ile dawa nyeusi ya nywele, ama chumvi za madini. Zikiwa ni za madini, ukizikutanisha na peroksaidi, ndiyo ile dawa ya chupa, nywele zinaweza kupata moto na kukatika. Akakata kishungi kidogo kisogoni, akakitumbukiza kwenye glasi ya peroksaidi yenye matone ya amonia, akaenda kumalizia kichwa cha mtu kule mbele. Mimi nikabaki na ile glasi. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani wa mtoto, nimewahi kungoja meli ya mume, lakini sijawahi kukodolea macho kitu kwa namna ile. Haikuchemka. Haikupata joto.

"Basi ni nili," akasema aliporudi. Nywele nyeusi ukizitoa rangi zina njia yao: wekundu, halafu chungwa, halafu manjano. Zile changa za juu, ambazo hazikuwahi kuona pakiti, zilifuata njia. Za chini zilikuwa na nili iliyolala tabaka juu ya tabaka. Blichi ikaondoa vingine, nili ikakataa kutoka, na buluu juu ya manjano kila mtu anajua inazaa nini. Akanionyesha chupa zake za peroksaidi rafuni, kila moja na nguvu yake. Hii ya 20 ni asilimia 6, ile ya 40 ni asilimia 12. "Mimi nakitazama kichwa kwanza ndiyo nachagua. Boksi lako lilichagua likiwa Italia."

Nikadhani sasa ataniwekea dawa kali ya kisasa. Akafunua bakuli. Hina. Hina ya majani, iliyosagwa, iliyorowekwa kwa ndimu na chai ya rangi tangu mchana kwa ajili ya maharusi, ile ile anayouza bibi yeyote pale sokoni. Wekundu hukivunja kijani, akasema, vikikutana inakuwa kahawia. Sehemu ya chini akaipaka hina tupu. Juu, kwenye manjano, hina tupu ingeniwasha moto, kwa hivyo pale akachanganya na nili kidogo. Naam, nili ile ile, sasa inatukuzwa. Akanifunga, nikalala pale pale kwenye mkeka wa chumba cha nyuma mpaka karibu na alfajiri, huku nje nikiwasikia wifi na wenzake wakishauriana kuhusu mba yangu.

Aliposuuza, kwa maji matamu ya tangi, ilitoka kahawia yenye wekundu kwa mbali. Nimezaliwa sikuwahi kuwa mzuri vile.

"Elfu mbili na mia tano."

"Kwa majani? Majani haya sokoni mia mbili!"

"Majani ni mia mbili," akasema. "Mba ndiyo ghali."

Nikalipa. Kufika nyumbani, mlangoni pana chupa ya mafuta ya mwarobaini. Mchana ikaja ya mafuta ya nazi na ndimu. Jioni mamake mwenye duka alinitumia kipande cha shabu na maelezo kwa mdomo wa mtoto wake, ambaye aliyatoa njia nzima kwa sauti. Na usiku wa kupamba, mimi shangazi wa bibi arusi, nilikuta nimehamishiwa safu ya tatu, pembeni, kiti cha kushoto hakina mtu na cha kulia hakina mtu. Wifi alinijia kwa adabu zote, akaniomba nisije nikamshika mtoto kichwani.

Nikavua buibui. Nikafungua mtandio, polepole, nikazimwaga.

Ngoma haikusimama, lakini safu mbili za mbele ziligeuka. Kile kiti cha kushoto kikapata mtu, cha kulia kikapata wawili. Wifi naye akarudi, mkono umefika mpaka nywele zangu kabla hajakumbuka kuniogopa.

"Wifi, hii rangi ni gani?"

"Rangi? Mimi sijapaka rangi," nikasema. "Ni dawa ya mba."

Wiki iliyofuata pale saluni palikuwa na foleni mpaka nje ya pazia, wanawake wazima wanajitangaza wenyewe kwamba wana mba, tena kali, na wengine wanagombana nani ameanza. Mwenye saluni anawapitisha nyuma mmoja mmoja kwa elfu mbili na mia tano. Nilikwenda kudai changu. Amenitengea kiti, ameniletea soda, na akasema tukianza kuhesabiana, nitatoka pale nikiwa ndiye ninayedaiwa.