Jaribio la kugeuka halimalizi kazi

Mwandishi wa habari ninayoijibu hapa anasema kwamba meli mpya ya mafuta, kwa kuwa imefaulu jaribio la kugeuka baharini, haitampa rubani wa bandari shida yoyote. Ningependa kumkumbusha, kwa heshima, kwamba viwango vya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) vya mwaka 2002 vinataka jaribio hilo lifanywe katika maji matulivu ambayo kina chake kinazidi mara 4 ya sehemu ya meli iliyozama. Meli ikikaribia kasi yake kamili, usukani hugeuzwa nyuzi 35, na upana wa duara ambalo meli inalichora usizidi urefu wa meli mara 5. Ni kipimo kizuri, nami sikibezi. Lakini kwenye mlango wa bandari, ambako mkuku, yaani uti wa chini wa meli, huwa umebakiza mita chache tu juu ya mchanga, maji hukosa nafasi ya kupita chini, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, huchelewa kuitika usukani, na duara lile lile hupanuka sana. Bango la vipimo linalobandikwa katika chumba cha usukani huonyesha maduara yote mawili, la kina kirefu na la kina kifupi. Habari hiyo imetueleza la kwanza peke yake.